Abshiro Dagane na Mguu wa Kukamulia Ngamia

Saa mbili na robo asubuhi, na tayari Abshiro Dagane amegombana na watu wawili.

Wa kwanza ni mlinzi wa lango, aliyetaka kumrudisha mzee mmoja wa Ijara kwa sababu jina lake halimo kwenye orodha ya leo. Mzee sasa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, magongo yake kando, anakunywa chai. Wa pili, mtafiti wa Nairobi, yuko kwenye simu, ambayo Abshiro ameichomeka sikioni ndani ya hijabu ili mikono ibaki na kazi yake.

"Barua yenu niliipata, niliisoma na niliielewa," anasema bila kupaza sauti. "Sasa mniache nifanye kazi."

Mkononi ana msumeno mdogo. Mbele yake, kwenye jiliwa, amebana kikombe cha mguu bandia, ile sehemu ya juu inayopokea kigutu cha mtu aliyekatwa mguu chini ya goti. Mwongozo wa kazi unataka ukingo wa nyuma wa kikombe uachwe juu, karibu kabisa na mkunjo wa goti. Abshiro amechora mstari mwekundu vidole viwili chini ya hapo, na anaufuata huo mstari wake.

"Wakisema nimeharibu, sawa," anasema huku akipuliza unga wa plastiki. "Waje wawaulize wanaovaa."

Karakana yenyewe iko nyuma ya hospitali moja mjini Garissa. Ni chumba kirefu chenye paa la mabati, tanuri la kulainishia plastiki, na feni ambayo kazi yake kubwa ni kupiga kelele. Nje joto linakaribia nyuzi thelathini na nane. Ndani, tanuri likishawashwa, hakuna anayejisumbua kupima.

Ukutani kuna karatasi mbili zilizowekwa kwenye fremu zinazofanana. Moja ni stashahada yake ya utengenezaji wa viungo bandia. Ya pili ni barua ya onyo kutoka kwa jopo la watafiti, inayosema kwamba alibadilisha kifaa cha utafiti bila idhini na kwamba akirudia, mkataba wake utavunjwa. Wageni wakiuliza kwa nini ameitundika, huwajibu kwamba zote mbili amezitolea jasho.

Abshiro ana miaka thelathini na sita na watoto wawili. Amefanya kazi hii kwa miaka tisa, kwa mikataba ya miezi sita sita, na kwa sasa analipwa shilingi elfu ishirini na saba kwa mwezi, mshahara ambao, kwa maneno yake mwenyewe, "hufika nyumbani umeshachoka."

Aliporudi kutoka chuoni Nairobi, si wote waliompokea kwa mikono miwili. Wanaume walikataa kupimwa na mwanamke, na baadhi walipendelea kurudi kwao na magongo yao. Jamaa zake nao hawakukaa kimya.

"Mjomba wangu aliniita mbele ya watu. Akasema, msichana gani huyu anashika miguu ya wanaume?" anakumbuka, na kicheko kinaanza kumtoka kabla hajafika mwisho. "Nikamwambia, abti, hiyo miguu haipo. Ingekuwepo nisingeishika."

Wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, walikuja.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Abshiro ni wa kwanza kukiri kwamba kwa muda mrefu alitandika vitanda vya watu bila kujua. Mama yake aliuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa kwa zaidi ya miaka ishirini. Yeye mwenyewe ameyanywa tangu aachishwe ziwa. Lakini alizaliwa na kukulia mjini, na hadi mwaka jana hakuwahi kumwona ngamia akikamuliwa.

Pengine lingebaki jambo la kuchekesha tu, kama si utafiti.

Miaka miwili iliyopita, jopo kutoka chuo kikuu kimoja cha Nairobi lilikuja Garissa na swali zuri: ni mguu bandia wa namna gani unaomfaa mfugaji wa ardhi kavu? Ndani ya jopo kulikuwa na mhandisi, daktari wa mifupa, mtaalamu wa tiba ya viungo na mtu wa takwimu. Wote walikuwa na shahada ndefu, na hakuna kati yao aliyewahi kuchunga hata mbuzi mmoja.

Wafugaji ishirini na sita walipewa miguu iliyotengenezwa na Abshiro kwa kipimo kimoja, kama mwongozo ulivyotaka. Walifungwa vidude vya kuhisi mwendo, vyenye ukubwa wa kiberiti, viunoni na kwenye vifundo. Wakatembezwa kwenye korido ya vigae, wakasimamishwa kwa mguu mmoja, saa ikahesabu.

Baada ya mwaka, matokeo yalikuwa ya kuvunja moyo. Wafugaji kumi na saba kati ya ishirini na sita walikuja kupimwa tena wakiwa kwa magongo; walikuwa wameacha kuvaa miguu yao. Rasimu ya ripoti ilisema kwamba wagonjwa "hawafuati maagizo," ikapendekeza wafugaji wapewe magongo, na vifaa vya kutengenezea miguu vihamishiwe mji mwingine ambako vingetumika vizuri zaidi. Abshiro, kama msimamizi wa karakana, alitakiwa kutia sahihi kabla ya mwisho wa mwezi.

"Nilisoma pale, 'hawafuati maagizo,' damu ikanichemka," anasema. "Mtu ametembea siku mbili kufuata mguu, halafu unasema ni mkaidi? Mkaidi hakuja hata kupimwa."

Hakutia sahihi. Aliomba likizo ya siku nne, akapanda lori lililokuwa likipeleka unga na sukari Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia, kwenda kumtafuta mmoja wa wale kumi na saba.

Mtu huyo ni Korane, mfugaji wa miaka hamsini na minne. Aliumwa na nyoka aina ya bafe mguu wa kulia akiwa nyuma ya ngamia wake, na ilimchukua siku mbili kufika hospitalini. Madaktari waliokoa goti, lakini chini ya hapo hapakuwa na la kuokoa.

Abshiro alimkuta Korane ameketi nje ya nyumba yake, magongo kando. Aliuliza habari za mvua, za mifugo, za watoto. Alipofika kwenye mguu, Korane alijibu kama alivyowajibu watafiti kwenye simu mwaka mzima.

"Mguu mzuri, Alhamdulillahi."

"Uko wapi, adeer?" aliuliza Abshiro, akimwita baba mdogo kama heshima inavyotaka.

Mguu ulikuwa ndani, umefungwa kwenye kitambaa safi cha khanga, umewekwa juu ya sanduku la nguo. Haukuwa na hata vumbi. Abshiro anasema afadhali angeukuta umevunjika.

Aliyemweleza ukweli ni Habibo, mke wa Korane, na alimweleza jikoni, mlango ukiwa umerudishwa.

"Huo mguu wako haukamui," Habibo alimwambia. "Tuna ngamia tisa wenye maziwa. Kila jioni jirani anakuja kutukamulia. Mume wangu anageuza uso, anajifanya anasoma dua."

Asiyejua hili na alielewe, maana ndiyo kiini cha ugomvi wote. Ngamia ni mrefu, na kiwele chake kiko juu. Hakamuliwi kwa kuchuchumaa. Mkamuaji husimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili huukunja, unyayo ukaegemea goti la ule uliosimama, na juu ya paja lililokunjwa huweka gaawe, chombo cha kukamulia. Mikono yote miwili hukamua. Hana mkono wa kushikia gongo, na kigutu kitupu hakifiki kwenye goti la pili.

Mguu wa Abshiro ungefika. Lakini ule ukingo wa nyuma, ulioachwa juu kama mwongozo ulivyosema, ulikuwa ukimchoma Korane nyuma ya goti kila alipojaribu kuukunja. Uligoma katikati, na chombo kikateleza.

Na kwa mila ya wafugaji wa huku, ngamia hukamuliwa na wanaume. Mwanamke ana mbuzi na ng'ombe wake. Abshiro alikuwa ametengeneza miguu ya wachunga ngamia kwa miaka minane bila kujua kazi kubwa ambayo mguu hufanya, kwa sababu hakuna aliyetarajia aijue, na hakuna mwanamume ambaye angemwambia mwanamke wa karakanani kwamba ameshindwa kukamua. Hata msikitini tatizo halikuonekana: wakati wa swala mguu ulivuliwa ukaachwa pamoja na viatu.

"Nilikaa chini pale jikoni, nikashika kichwa," anasema. "Nililaumu watafiti njia nzima, kumbe na mimi nimo."

Asubuhi iliyofuata aliondoka Hulugho na Korane kando yake, na mguu ukiwa kwenye khanga yake.

Siku mbili baadaye, Dkt. Hamse, mhandisi wa sayansi ya mwendo anayeongoza jopo, aliingia karakanani kuulizia sahihi yake. Alimkuta Korane amesimama kwa mguu mmoja katikati ya chumba, mguu bandia, ukingo wake wa nyuma sasa umekatwa, umekunjwa hadi kwenye goti la pili, na jagi la maji limetulia juu ya paja. Abshiro alikuwa ameketi sakafuni, saa mkononi.

"Hiki ni nini?" aliuliza Hamse.

"Ni utafiti, daktari."

"Nani amekata huu mguu?"

"Mimi."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya mwenye mguu."

Waliokuwepo wanasema daktari alibadilika rangi. Hamse ana miaka arobaini na moja, ni Msomali wa Eastleigh, Nairobi, na kwa muda mrefu maziwa ya ngamia aliyajua kwenye chupa. Si mtu mbaya, na Abshiro hataki aandikwe hivyo. Alikuwa na hoja yake, nayo ilikuwa na uzito.

"Abaayo, dada yangu, nisikilize," alimwambia. "Kila karakana ikikata inavyotaka, mwisho wa mwaka sitajua ni mguu upi uliofanya kazi. Na ukingo ukishushwa hivyo, mshiko unapungua. Huyu mzee akitembea kilomita kumi atachubuka."

"Akichubuka nitamtibu. Akikaa kama mgeni kwa ngamia wake mwenyewe, utamtibu kwa dawa gani?"

Kisha akafungua daftari la vipimo, mahali palipoandikwa jina la Korane. Kusimama kwa mguu mmoja: sekunde mbili. Akamwomba Hamse arudie kipimo kile pale pale, na sheria zake zote.

Hamse akakunja mikono kifuani kumwonyesha mzee. Korane akaweka jagi chini, akakunja mikono, akainua mguu na, kama alivyofanya tangu akiwa mtoto, akauegemeza unyayo kwenye goti la pili. Hamse akabonyeza saa ikasimama. Sheria ya kipimo ni kwamba mguu ulioinuliwa ukigusa ule mwingine, umeshindwa.

Ilikuwa sekunde ya pili. Korane aliendelea kusimama vile vile, akiwatazama kwa zamu, akingoja aambiwe kosa lake ni lipi.

"Unaona?" Abshiro alisema. "Hukumpima kusimama. Ulimpima kutii."

Hamse alifungua majina mengine. Sekunde mbili. Tatu. Mbili. Wachunga ngamia waliokaa kwenye mguu mmoja maisha yao yote, na daftari likawatangaza kuwa hawawezi kusimama. Alipohojiwa na mwandishi kwa simu, Hamse hakuzunguka mbuyu.

"Nilikasirika sana siku ile," alisema. "Nilikasirika kwa sababu kipimo kilikuwa changu."

Hata hivyo hakukubali papo hapo. Mzee kushika jagi la maji chumbani si ushahidi, alisema, na ripoti ilikuwa inasubiriwa. Alipendekeza wakodi ngamia katika soko la mifugo la Garissa, wampime Korane jioni ile ile, mambo yaishe.

Korane alicheka mpaka akalazimika kushika meza. "Ngamia si mfereji, daktari," alisema. "Hampi maziwa mtu asiyemjua. Ukitaka kuona, njoo nyumbani."

Walikubaliana masharti, na yalikuwa makali. Hamse angekwenda Hulugho mara moja tu, na angerekodi kitakachotokea. Korane akikamua, ripoti ingesimamishwa. Akishindwa, Abshiro angetia sahihi na kuacha kazi bila maneno.

"Nilisema ndiyo haraka, kabla woga haujanikuta," Abshiro anasema. "Usiku wake sikula."

Hamse aliwasili wiki iliyofuata, baada ya kuhangaika na vibali vya usalama, akiwa na vidude vyake na kofia kubwa ya jua. Jioni, kabla ya magharibi, ngamia walirudi bomani na vumbi lao. Habibo alikwishafukiza chombo kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike. Wanaume wa jirani walikuja kutazama, kila mmoja akidai amepita tu.

Abshiro hakuingia. Alibaki nje ya uzio wa miiba pamoja na wanawake, kama desturi inavyotaka, akiwa amemkabidhi Hamse saa. Anasema hakuna siku iliyomuudhi kama hiyo, kwamba mguu ni wake, kazi ni yake, na bado anachungulia katikati ya miiba.

Ndama aliletwa, akanyonya kidogo, akavutwa kando. Jirani akasimama upande mmoja wa ngamia, Korane upande wa pili. Aliinua mguu bandia, ukakunjika bila kugoma. Akauegemeza kwenye goti, akaweka gaawe juu ya paja, akanyoosha mikono.

Kandambili ya plastiki aliyovaa kwenye mguu bandia ikateleza. Mguu ukaporomoka, chombo kikapinduka nusu, na maziwa ya kwanza yakamwagika mchangani. Ngamia akageuza shingo. Mwanamume mmoja nyuma akacheka, kisha akajuta. Hamse akanyoosha mkono amshike mzee.

"Waryaa, toa mkono!" Korane alimkaripia.

Kutoka nje ya uzio ikasikika sauti ya mwanamke, kubwa kuliko ilivyostahili.

"Vua kandambili, adeer! Vua!"

Wanawake waligeuka kumtazama Abshiro. Yeye hakumtazama mtu. Korane aliipiga teke ile kandambili, akarudisha unyayo wa mpira mtupu kwenye goti lake, na safari hii ukashika. Akamwimbia ngamia kwa sauti ya chini, maneno ya kumsifu mama yake na bibi yake, kama wakamuaji wafanyavyo. Kisha kikasikika kile ambacho Habibo alikuwa hajakisikia kutoka upande wa mumewe kwa miaka mitatu: maziwa yakigonga chombo.

Hamse aliitazama saa mkononi. Sekunde arobaini. Dakika moja. Mbili. Povu likapanda hadi mdomoni mwa gaawe, na Korane alipoushusha mguu wake, saa ilisoma dakika tatu na sekunde hamsini na moja.

Habibo alilia waziwazi, wala hakujificha kwa mtu. Korane alimpa Hamse chombo kikiwa bado na joto.

"Kunywa kwanza," alimwambia. "Halafu uandike."

Mwandishi alipomuuliza Korane, wiki iliyopita mjini Garissa, siku ile ilikuwa na maana gani kwake, alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, akihesabu maneno.

"Mimi si taka huruma ya watu. Mimi nataka maziwa yangu, mikono yangu. Hii mguu ya kwanza ilikuwa fizuri kwa korido tu. Mimi naishi korido?"

Na Abshiro? "Nilifurahi mpaka nikakasirika," anasema. "Huyu mmoja amekamua. Wale kumi na sita wengine bado wanageuza uso kila jioni, kwa sababu ya vidole viwili vya plastiki ambavyo niliviacha mimi."

Ripoti ilisimamishwa, kama walivyokubaliana. Lakini Hamse ni mtu mmoja ndani ya jopo, na wenzake Nairobi hawakuonja maziwa yoyote. Kwao, fundi aliyekata mguu wa utafiti kabla ya kuomba ruhusa amevunja utaratibu, hata kama ana haki. Barua ya onyo ilifika wiki tatu baadaye. Pamoja nayo kulikuwa na kibali: akate miguu kumi na miwili kwa mtindo wake mpya, ifuatiliwe kwa misimu miwili ya mvua, kisha jopo liamue.

Abshiro hadanganyi kwamba kila kitu kimenyooka. Hamse alisema Korane atachubuka, na Korane alichubuka. Alipofuata malisho mbali, mguu ulikuwa ukicheza, na ngozi ya kigutu ikavimba. Abshiro alimshoneshea mkanda wa ngozi unaozunguka juu ya goti, kwa fundi wa viatu, kwa pesa zake, na mguu ukatulia. Sasa kila mguu unaotoka humu unatoka na mkanda wake.

"Hilo la kuchubuka alisema kweli, na nilimpigia simu kumwambia," anasema. "Mimi sibishani ili nishinde. Nabishana ili mguu uvaliwe."

Kipimo nacho kimebadilika. Hamse ameongeza kipengele kipya ambacho kwenye fomu kinaitwa kwa maneno marefu ya kitaalamu, lakini karakanani kinaitwa "kipimo cha gaawe." Mgonjwa husimama anavyosimama kwao, na chombo pajani, na saa huhesabu bila kumkatiza. Hamse sasa huja Garissa kila mwezi, na wafugaji humtania kwamba siku akijaribu kipimo hicho mwenyewe ndipo watamwita daktari.

Abshiro ana madai yake, na hayasemi kwa upole. Anataka jina lake liandikwe miongoni mwa watafiti, si chini kabisa pamoja na dereva na mpishi. Anataka mtu yeyote atakayekuja kuwapima wafugaji alale kwanza bomani siku tatu, bila saa, bila kidude. Na anataka wanawake waulizwe, kwa sababu ukweli wa utafiti wa shilingi milioni kadhaa ulikuwa jikoni kwa Habibo, na hakuna aliyebisha hodi.

Kisha kuna hesabu ambayo jopo halipendi kuizungumzia. Tangu habari za Korane zisambae kwenye malisho, kutoka Hulugho hadi Ijara, wanaume wamekuwa wakija kwa malori na kwa pikipiki, miguu yao ya zamani ndani ya magunia. Wengine walikuwemo kwenye utafiti, wengine hawakuwahi kuusikia. Walioomba kukatiwa ni thelathini na mmoja.

Hadi leo mchana, Abshiro amekata miguu kumi na miwili. Kibali chake kimeisha. Kwenye simu, jopo limemwambia wazi kwamba wa kumi na tatu ndio utakaomfukuzisha kazi, na kwamba wengine wangoje misimu miwili ya mvua ipite.

"Misimu miwili ni mwaka mzima," anasema. "Mwaka mzima mtu asimame kando ya ngamia wake akingoja jirani? Jopo lingoje. Jopo lina miguu."

Akiulizwa atafanya nini basi, Abshiro hafikirii hata kidogo. Anavua miwani ya kazi, anajifuta jasho kwa ncha ya hijabu, na kutazama ratiba ya kesho iliyobandikwa mlangoni.

"Wa kumi na tatu ni kesho saa mbili," anasema. "Mwenyewe ameshafika mjini."